Mpilipili Unaonyauka Katika Debe: Jinsi ya Kuujua Ugonjwa Wake na Kuuponya

Watu wengi katika miji na vijiji vyetu, hasa wale wasio na shamba karibu, wamezoea kuotesha mpilipili katika debe, chungu kikuukuu au ndoo iliyotoboka, na kuuweka kibarazani au nyuma ya jiko. Desturi hii ni njema. Mpilipili uliotunzwa vizuri waweza kuishi na kuzaa zaidi ya mwaka mmoja, wala hauhitaji mahali pakubwa. Walakini mmea uliomo ndani ya chombo ni kama mtu aliyefungiwa chumbani: hawezi kwenda kujitafutia maji wala chakula, hula kile alicholetewa, na akiletewa kisichofaa hana pa kukimbilia. Kwa hiyo ukianza kunyauka, mwenyewe ndiye awezaye kuuokoa. Na mara nyingi mwenyewe ndiye anayeuua.

Twasema hivi kwa sababu tuliyaona kwa macho yetu, na kosa la kwanza lilikuwa letu. Bibi mmoja, jirani yetu, ana madebe sita ya mipilipili uani mwake. Huchuma pilipili, huzipanga mafungu, na kuziuza gengeni; fedha yake ya chumvi na sabuni yatoka humo. Wakati wa masika mpilipili mmoja ulianza kulegeza majani. Alituita, akasema, "Wanangu, njoni mnitazamie mti wangu, naona unakufa." Sisi tukasimama mlangoni, tukatazama kwa mbali, tukamjibu, "Bibi, huo una kiu. Utie maji." Akautia maji jioni, akautia tena asubuhi. Siku ya nne majani ya chini yalikuwa yamegeuka manjano, na mti wa pili nao ulikuwa umeanza kulegea.

Hapo tuliona haya, tukarudi kuanza upya. Wahenga walisema, "Mgonjwa haulizwi uji." Kwa binadamu ni neno la huruma, lakini mpilipili ni mgonjwa ambaye hapana budi aulizwe kwanza. Kulegea kwa majani ni alama moja inayoletwa na sababu nyingi, tena sababu nyingine zapingana. Mti uliokosa maji hulegea, na mti uliozama katika maji hulegea vilevile. Mzee wa baraza hamhukumu mtu kwa kumwona tu amesimama mbele yake, huita mashahidi. Katika jambo hili mashahidi ni watatu, nao ni saa, udongo na mizizi. Yuko na wa nne, naye huitwa wale watatu wakishindwa kutoa jibu.

Shahidi wa kwanza: saa

Jani la mpilipili lina vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, na katika vitundu hivyo maji hutoka kama mvuke. Jua la saa saba likiwa kali, hasa siku za kaskazi, maji hutoka majanini upesi kuliko mizizi iwezavyo kuyapandisha. Ndipo jani hulegea ingawa udongo una maji ya kutosha. Jua likipoa, jani hurudi likasimama. Basi mtu asiutazame mti wake saa saba ya mchana akaamua. Na autazame alfajiri, kabla jua halijapanda. Ukiwa umesimama vema wakati huo, mara nyingi hauna ugonjwa; yatosha kuuhamisha penye kivuli kidogo cha mchana, wala asiuongezee maji kwa hofu. Lakini ukiwa umelegea hata alfajiri, taabu iko kweli, na yampasa amwendee shahidi wa pili.

Shahidi wa pili: udongo

Tia kidole ndani ya udongo mpaka kiungo cha pili, yaani kiasi cha sentimeta 5. Usiuamini uso wa udongo, maana waweza kuwa mkavu juu na chini ukawa tope. Kisha inua debe upime uzito wake kwa mikono.

Udongo ukiwa mkavu na debe likawa jepesi, mti una kiu. Hata hapo kuna hila moja iliyowadanganya wengi. Udongo ukikauka sana hujikunja, ukaachana na ukuta wa debe, maji yakimwagwa hupita katika ufa ule na kutokea chini upesi, na mwenyewe husema, "Umekunywa." Mti haukunywa hata kidogo. Dawa yake ni kuliweka debe lenye matundu ndani ya karai la maji, maji yafike nusu ya kimo chake, na kuliacha kiasi cha nusu saa, au mpaka uso wa udongo upate unyevu. Kisha liondolewe, lichuruzike, na kuwekwa kivulini kwa siku moja. Siku hiyo usiutie mti mbolea yo yote, kwa kuwa mbolea nyingi penye maji machache huivuta mizizi maji yake badala ya kuilisha. Mti wenye kiu tu huanza kusimama baada ya saa chache.

Udongo ukiwa umelowa na debe likawa zito, mti haukosi maji, bali hewa. Yatupasa tufahamu ya kwamba mizizi hupumua. Katikati ya chembe za udongo mna nafasi ndogo zenye hewa. Maji yakizijaza na kukaa humo siku nyingi, mizizi hukosa pumzi ikafa, na mzizi uliokufa hauwezi kupandisha maji. Basi mti hufa kiu katikati ya maji. Alama zake ni majani ya chini kugeuka manjano na udongo kunuka uvundo. Hivi ndivyo ulivyokuwa mti wa kwanza wa bibi yetu. Tulipopindua debe tuliona matundu yake yameziba kwa udongo wa mfinyanzi, na mvua za masika zilikuwa zimelijaza. Nasi tulikuwa tumeamuru maji yaongezwe.

Udongo ukiwa na unyevu wa kadiri, usiwe mkavu wala tope, geuza majani utazame upande wa chini. Vidukari na inzi weupe hukaa huko wakinyonya utomvu, na majani hujikunja na kunata. Wapanguse kwa maji yaliyotiwa sabuni kidogo sana, wakati wa jioni, urudie baada ya siku chache. Tena tazama kingo za majani. Zikiwa zimekauka rangi ya kahawia baada ya kutiwa mbolea, au samadi mbichi, mti umeunguzwa. Ondoa mbolea iliyosalia juu, kisha mimina maji safi mengi yapite na kutokea chini, uliache debe lichuruzike mpaka mwisho.

Shahidi wa tatu: mizizi

Wengi huogopa kuutoa mti wakidhani watauua. Ukitolewa kwa upole hauna neno. Lilaze debe ubavuni, ligonge pande zote, kisha uvute bonge zima la udongo, usiuvute mti kwa shina lake. Mizizi mizima ni meupe na imara. Iliyooza ni ya kahawia, laini, na ukiivuta kwa vidole ganda lake huchomoka. Ikiwa mizizi imezunguka chombo mara nyingi kama kamba, hata udongo hauonekani, chombo ni kidogo. Mti watakiwa kuhamishiwa kikubwa zaidi, kama debe la lita 18. Ukiona vifundo vifundo mizizini, hiyo ni kazi ya minyoo midogo ya udongoni. Udongo ule usitumiwe tena kwa mipilipili.

Mti wa kwanza tuliufanyia hivi. Tulikata mizizi iliyooza kwa kisu safi, tukaipunguza miti yake ya juu kiasi cha theluthi, tukaondoa maua na matunda yote, maana mizizi michache haiwezi kulisha nyumba kubwa. Tukatengeneza udongo mpya: sehemu mbili za udongo mzuri wa juu, sehemu moja ya samadi iliyooza kabisa, na sehemu moja ya mchanga usio wa baharini. Tukalitoboa debe matundu sita chini kwa msumari mnene, na kuliweka juu ya mawe matatu ili maji yatoke pasipo kizuizi. Wako watu hutia kokoto chini ya debe wakiamini ya kwamba zitakausha udongo. Si kweli; maji hayashuki upesi kutoka katika udongo mwembamba kuingia katika kokoto, bali husimama juu yake, yakawa karibu zaidi na mizizi. Kinachofaa ni matundu na udongo mwepesi. Kisha mti ukawekwa kivulini, na bibi akaagizwa asitie maji mpaka kidole chake kimwambie ya kuwa chini pamekauka.

Shahidi wa nne: kisu na bilauri

Mti wa pili ulitushangaza. Majani yake yalikuwa mabichi, rangi njema, hayana wadudu; udongo wake ulikuwa wa kadiri, na matundu ya debe yalikuwa wazi. Walakini ulikuwa umelegea wote kwa siku mbili tu, tena ulikuwa umejaa pilipili kuliko miti yote. Hapo tulikata kipande cha shina karibu na ardhi, chenye urefu wa kidole, tukakining'iniza katika bilauri ya maji safi pasipo kukitikisa. Baada ya dakika chache tuliona nyuzi nyeupe, kama maziwa, zikishuka kutoka penye jeraha la shina.

Alama hii ni ya mnyauko wa bakteria. Vijidudu hivyo hukaa udongoni, huingia mizizini, na kuziba mishipa inayopandisha maji. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya mti ulioshikwa. Huenezwa na udongo, na maji yatiririkayo, na kisu au jembe lisilosafishwa. Na hushambulia pia nyanya, mbilingani, viazi mviringo na tumbaku, ambayo yote ni ya ukoo mmoja na mpilipili.

Tulipomweleza bibi, alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Hata huu wenye mzigo wa matunda?" Tukamjibu ndiyo, maana kuuhurumia huu mmoja ni kuiuza ile mingine. Akachuma pilipili zilizokomaa, kwa kuwa ugonjwa huu haumdhuru binadamu, lakini tulimwomba asiweke mbegu zake. Mti ukang'olewa na kuchomwa moto. Udongo wake ukafukiwa shimoni, mbali na bustani na mifereji ya maji. Debe likasuguliwa kwa sabuni na kumwagiwa maji yanayochemka, na kisu vilevile. Madebe yaliyosalia yakatengwa, yasigusane wala moja lisichuruzikie jingine.

Baada ya majuma mawili hivi, mti wa kwanza ulitoa machipukizi mapya penye vifundo vya shina. Ile minne haikushikwa. Bibi amepoteza mti mmoja badala ya sita, na sasa hutia kidole kabla ya kutia maji.

Walimu waweza kuwafundisha watoto jambo hili kwa makopo mawili tu. Moja litobolewe chini, jingine lisitobolewe. Yote yatiwe udongo mmoja na miche iliyo sawa, na maji ya kipimo kimoja kila asubuhi. Watoto watazame na kuandika wanayoyaona kila siku. Siku mche wa kopo lisilotobolewa utakapolegea, waulizwe dawa yake ni nini kabla hawajaonyeshwa mizizi. Wengi watasema maji, kama tulivyosema sisi. Nao wazee wa vijiji tunawaomba wawaonye watu wasigawiane miche wala udongo kutoka penye mti ulionyauka ghafula, mpaka umejaribiwa katika bilauri.

Kutia maji ni kazi ya dakika moja, na humfanya mtu aone ya kuwa amesaidia. Kuchunguza ni kazi ya asubuhi nzima. Lakini sisi tulisaidia pasipo kuchunguza, nusura tuuze riziki ya mtu mzima aliyetuamini. Tumeyaandika haya ili msomaji asije akasimama mlangoni kama tulivyosimama sisi.