Ulimwuliza Anajiitaje? Somo kwa Waandishi wa Gazeti la Ukutani

Mwaka huu nimepewa kurasa hizi niandike somo kuhusu uandishi wa habari unaojali utamaduni na heshima ya kila mtu. Msidhani nimepewa kwa sababu mimi ni bingwa. La hasha! Nimepewa kwa sababu nilikosea, na kosa lenyewe mliliona nyote ubaoni, pale nje ya bwalo.

Mtakumbuka muhula wa kwanza mwaka jana, mwenzetu mmoja wa kidato cha pili aliporudi kutoka kwao upande wa Mau akiwa na kopo la asali. Asali nyeusi, nzito, yenye harufu ya moshi. Ilizunguka darasa zima na mkate wa saa nne, ikaisha kabla kengele haijalia. Mimi, mwandishi wa gazeti la ukutani, nikaona hiyo ni habari. Jioni nikachukua karatasi ya manila nikaandika kwa herufi kubwa: "MNDOROBO ATULETEA ASALI!" Chini yake nikaongeza mzaha juu ya watu wanaolala porini na nyuki. Watu walicheka kweli kweli. Nami nikafurahi, maana mwandishi gani hapendi kusomwa?

Wiki hiyo hiyo jina likahamia bwenini. "Ndorobo, leta maji." "Ndorobo, umeoga leo?" Likamfuata uwanjani, likamfuata hadi kwenye foleni ya chakula. Mwenzetu huyo, ambaye alikuwa hodari wa mijadala, akaacha kabisa kuja kwenye chama. Mwalimu mlezi akaniita. Nikajitetea kwamba neno lile sikulibuni mimi, nililikuta vitabuni.

"Ulimwuliza anajiitaje?"

"Hapana, Mwalimu."

"Na asali, ulimwuliza inavyorinwa?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi hukuandika habari. Ulimpa mtu jina la utani."

Nikatumwa maktabani. Huko ndiko nilikojua kwamba watu niliowaita Wandorobo wenyewe hujiita Ogiek. Jina "Ndorobo" limetokana na neno la Kimaasai, il-torobo, yaani maskini wasio na ng'ombe. Kwa mfugaji, asiye na ng'ombe ni fukara. Lakini Mwogiek alikuwa na mizinga ya magogo iliyoning'inizwa mitini, akihama kutoka mwinuko hadi mwinuko kufuata majira ya maua. Asali ilikuwa chakula chake, pombe yake ya sherehe na sehemu ya mahari yake. Ufukara huo aliupewa na jirani, kisha mkoloni akauandika kitabuni kana kwamba ndilo jina.

Na jina lina kazi, jamani. Tume ya Ardhi iliyoundwa na Waingereza mwaka 1932 ilitoa ripoti yake mwaka 1934, na kuhusu hao "Dorobo" ikapendekeza wahamishiwe katika maeneo ya makabila makubwa waliyokaribiana nayo. Ukishaitwa watu wasio na kitu, ni rahisi kuonekana watu wasio na pao. Mwaka 2009 wakapewa notisi ya siku 30 watoke katika msitu wa Mau. Kesi ikafika katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama hiyo ikaamua kwamba haki za Waogiek zilikuwa zimevunjwa, na kwamba kuhifadhi msitu si sababu ya kuwafukuza. Mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia: shilingi milioni 57.85 kwa mali waliyopoteza na milioni 100 kwa machungu waliyoyapata.

Sasa mwanahabari anayeandika kuhusu Mau ana maneno mengi mbele yake: wavamizi, maskwota, wakazi, wenyeji. Akichagua "wavamizi" amekwisha kutoa hukumu kabla ya jaji kuketi, na tena msomaji hatajua kwamba hukumu imetolewa, maana imejificha ndani ya nomino. Afanyeje basi? Aseme wazi nani anadai nini: serikali yasema hivi, jamii yasema vile, mahakama iliamua hivi mwaka fulani. Sentensi itakuwa ndefu kidogo, lakini hakuna aliyeibiwa.

Nije kwa jambo ambalo ni letu hasa sisi wanafunzi wa Kiswahili, jambo la ngeli. Tumefundishwa kwamba KI-VI ni ngeli ya vitu: kiti kimevunjika, visu vimepotea. Pia KI hudunisha: mtu akawa kijitu. Sasa angalia humo tumewaweka nani: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Twasema "kipofu amefika", upatanisho ni wa mtu, lakini kichwa cha neno kimebaki kwenye viti na visu. Ndiyo maana waandishi wengi siku hizi husema "mtu mwenye ulemavu" au "asiyeona". Katiba yetu ya mwaka 2010 nayo haikunyamaza: Kifungu cha 54 chasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa, na kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Hebu fikirieni, katiba ya nchi ikaona suala la kuitwa si dogo!

Mtu wa kidato cha nne ataniruka hapa: mbona kiongozi na kijana wamo humo humo KI-VI, na hakuna aliyelalamika? Kweli kabisa. KI haina hatia, tusiikamate bure. Na kuna jambo lililonishangaza zaidi. Tanzania kuna chama cha watu wasiosikia, nacho kinajiita CHAVITA, yaani Chama cha Viziwi Tanzania. Viziwi! Jina ambalo mimi ningelikwepa kwa adabu, wenyewe wamelibandika mlangoni. Wana lugha yao ya alama na jamii yao, na jina hilo kwao halina aibu. Kwa hiyo ukiniomba orodha ya maneno mabaya na mazuri uikariri kama methali, sina. Lile swali la Mwalimu ndilo linalofanya kazi, na jibu lake huenda likawa tofauti Mombasa na Dar es Salaam.

Kuna maneno, hata hivyo, ambayo hayahitaji kuulizia. Chukua "madoadoa". Kwenye insha ni neno zuri, chui ana madoadoa. Lakini katika siasa za Bonde la Ufa lilitumiwa kuwataja watu wa makabila mengine wanaostahili "kuondolewa". Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini, na baadhi ya redio za lugha za mama zililaumiwa kwa kupeperusha maneno ya chuki. Mwaka 2022 Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano ilitoa orodha ya maneno ya kuogopwa wakati wa kampeni. "Madoadoa" lilikuwamo, na "kwekwe" pia. Kwekwe ni magugu, na magugu hung'olewa. Majirani zetu Rwanda neno lilikuwa inyenzi, maana yake mende. Redio ya RTLM, iliyoanza kutangaza mwaka 1993, iliwaita Watutsi hivyo katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa, Arusha tena, iliwatia hatiani wakuu wawili wa redio hiyo na mhariri wa gazeti la Kangura. Hao watatu walishtakiwa kwa kazi ya habari, sikilizeni vizuri.

Najua utasema, wewe uliandika kuhusu asali tu, mambo ya Rwanda yanakujaje? Hayaji, si sawa, wala sitaki kujikuza. Lakini nililisikia lile jina likiitwa kutoka kitanda hadi kitanda baada ya taa kuzimwa, na mwandiko ulikuwa wangu.

Kuna wanaodhani dawa ni kuacha kutaja kabila kabisa. Mimi sikubali. Tuseme vijana wawili wamekamatwa kwa kuiba simu stendi. Kabila lao linaeleza nini? Halielezi kitu, liache. Ukilitaja, msomaji atachukua wizi wa watu wawili aupake maelfu. Lakini ukiandika kuhusu ile kesi ya Arusha bila kutaja Waogiek umewafuta mara ya pili. Ndivyo ilivyo kwa Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya pwani yetu. Kwa miaka mingi waliishi bila vitambulisho, mpaka Oktoba 2016 walipofunga safari kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kumwona Rais, wakakubaliwa kuwa raia. Hapo jina la kabila ndiyo habari yenyewe. Mimi hujipima hivi: nikiliondoa jina, habari inabaki ileile? Kama inabaki, jina lilikuwa uchochezi au uvivu.

Jingine nililojifunza ni kuhesabu waliosema. Kwenye manila yangu ya kwanza hakuna aliyesema ila mimi. Mwenye asali hakuwa na hata neno moja.

Muhula wa tatu nilimwendea. Haikuwa rahisi, na siku ya kwanza alinipita kama mti. Siku ya tatu akaketi. Akanieleza jinsi babu yake anavyochonga mzinga kutoka kwenye gogo, anavyopanda na moshi ili kuwatuliza nyuki, na jinsi kila ukoo ulivyokuwa na sehemu yake ya msitu ambayo mwingine haweki mzinga bila ruhusa. Nikaandika upya, kichwa kikiwa "ASALI YA MAU: WAOGIEK WANAVYOIRINA". Nikampa asome kabla sijabandika.

Akasoma polepole. Akaniomba kalamu, akakata neno moja, "porini", akaandika juu yake "msituni". Nikamwuliza kwani kuna tofauti gani. Akasema porini ni mahali mtu hupotea, na babu yake hajapotea, yuko nyumbani. Kisha akanikumbusha kwamba lile kopo ni la babu na linangojewa. Kumbe lilikuwa bado chini ya kitanda changu, nimetilia viberiti na sabuni.