Dondoo muhimu: Mke na mume kwenye biashara moja

Anzeni na karatasi. Maduka mengi ya wanandoa nchini Tanzania yamesajiliwa kwa jina la mmoja tu, ilhali wote wawili huamka alfajiri kuyahudumia. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huchukulia mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja kuwa ni yake peke yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Yakiwemo majina yote mawili, haki zao huchukuliwa kuwa sawa. Basi mnapokwenda BRELA kusajili jina la biashara, jiandikisheni kama wabia. Fanyeni hivyo mkiwa na amani. Mmoja akifariki na ndugu wakaja kudai, mwenzake atahangaika kutafuta mashahidi wa jasho lake.

Jilipeni mshahara, hata mdogo. Anayeuza kutwa bila malipo huishia kuomba nauli kwa mwenzake, na huo ni unyonge asioustahili. Sukari ikichukuliwa dukani kwenda nyumbani, iandikwe daftarini.

Salio la benki na la lipa namba lionekane kwa wote wawili.

Msikosoane mbele ya mteja.

Mkitaka mkopo kwa dhamana ya nyumba mnayoishi, kifungu cha 59 cha Sheria hiyo ya Ndoa kinadai ridhaa ya mwenzi. Usiitoe kwa kuona haya: someni mkataba pamoja, riba na ratiba ya marejesho, kabla ya yeyote kutia saini.