Dondoo muhimu: Kuchora nakshi za mfarishi wa kanga

Chora nakshi kwa penseli kwenye karatasi bila kuinua mkono. Penseli inapoinuka ndipo cherehani itakaposimama, ukate uzi na kuhangaika kuficha ncha zake. Ukikwama, rudi juu ya mstari uleule. Mshono uliorudiwa hauonekani sana.

Kanga tayari ina mchoro, usishindane nao. Fuata ukingo wa korosho za pindo, na kwenye mji, yaani sehemu ya katikati, tandaza mawimbi mapana. Jina zungushie mshono kwa nje, usipite juu ya maandishi. Binafsi naona ni kulikata jina kauli.

Kuhamisha mchoro: toa uzi kwenye sindano, kisha shona karatasi kavukavu ukifuata penseli. Weka karatasi hiyo yenye vitundu juu ya kanga, uipigepige kwa kifuko cha kitambaa chepesi chenye unga wa chaki. Ukizipanga karatasi nne au tano na kuzibana kwa pini, zote hutoboka kwa mkupuo mmoja. Piga chaki kipande kwa kipande, hufutika upesi.

Nafasi isiyo na mshono isizidi sentimita 10 hivi, la sivyo pamba itajikusanya pembeni ukishafua.

Mistari iliyopinda huhitaji mguu wa kutarizia, na meno ya cherehani yashushwe. Mistari iliyonyooka haina shida hiyo. Anza katikati, elekea pindoni, baada ya kujaribu kwenye kipande chenye tabaka zote tatu: kanga, pamba na bitana.