Kiwewe kwa Wanaoishi na HIV: Dalili na Matibabu

Si kila anayekosa dawa ni mzembe. Mtu anayeishi na virusi vya HIV anaweza kukwepa kliniki kwa sababu harufu ya hospitali, au hata kopo la dawa, humrudisha siku aliyobakwa, aliyopigwa au aliyopewa majibu yake. Hali hii huitwa kiwewe, nayo inatibika.

Dalili

Ni kawaida kuhangaika siku chache baada ya tukio la kutisha. Tafuta msaada iwapo umepita mwezi mmoja na bado:

• tukio linajirudia akilini au ndotoni;
• unakwepa watu, mahali au vitu vinavyolikumbusha;
• unashtuka ovyo, una hasira au hulali;
• unajilaumu na kujitenga.

Kwa nini kisipuuzwe?

Anayekwepa vidonge huruka siku. Virusi huongezeka mwilini na vinaweza kuwa sugu kwa dawa. Kwa hivyo, kutibu kiwewe ni sehemu ya kutibu HIV.

Matibabu

Tiba ya kwanza ni mazungumzo na mshauri aliyefunzwa. Utafiti uliofanyika Kisumu na kuchapishwa mwaka 2021 ulihusisha wanawake 256 wanaoishi na HIV waliopitia dhuluma. Waliopata vikao 12 vya ushauri walipata nafuu ya kiwewe na huzuni kuliko waliopata huduma za kawaida pekee. Washauri wao hawakuwa wataalamu wa akili, bali watu waliofunzwa kazi hiyo.

Daktari anaweza pia kuagiza dawa kama sertralini. Mweleze dawa zote unazotumia. Efavirenzi, mojawapo ya ARV, inaweza kuleta ndoto mbaya, lakini usiiache bila ushauri wake. Pombe na dawa za usingizi za kujinunulia haziponyi kiwewe.

Chukua hatua

Siku ya kliniki, mwambie mhudumu: "Silali, nina hofu." Si lazima usimulie yote. Sheria ya HIV na Ukimwi ya mwaka 2006 inalinda siri yako.

Aliyebakwa afike hospitali haraka, kabla ya saa 72 kupita, apewe dawa za kuzuia maambukizi. Kwa msaada kuhusu dhuluma za kijinsia, piga simu 1195 bila malipo.

Jamaa, msimlazimishe mgonjwa kusimulia. Msindikizeni kliniki.