Anayekufuata Anaona kwa Macho Yako

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema umejiandikisha kwenye msafara wa baiskeli wa kwenda Butiama, umezoea kuendesha peke yako kutoka Tabata hadi kazini na kurudi, na sasa usingizi hauji kwa sababu mwendo wako ni wa taratibu na unaogopa kuwachelewesha wenzako. Unaniuliza ufanye mazoezi gani ya miguu.

Miguu itakuja yenyewe. Endesha siku nne kwa wiki, na kila Jumamosi uongeze kilomita kidogo kidogo mpaka ufike mia bila kuteseka. Zaidi ya hapo sina jipya la kukwambia kuhusu miguu. Kilichonikosesha raha mimi ni kile ulichokitaja kwa kupita tu: kwamba umezoea kuendesha peke yako. Ngoja nikusimulie jambo, na wengine mnaosoma mnisikilize pia.

Mwaka wangu wa pili kwenye safari hizi, tulikuwa wanane kwenye mstari mmoja. Tulikuwa tumeshaiacha Dumila, vilima vya Gairo bado havijaanza, mwendo mzuri. Mimi nilikuwa mbele nakata upepo. Kwenye lami palikuwa na shimo, si kubwa, upana wa sinia na kina cha kiganja. Nililiona mapema, nikapinda usukani kidogo, nikapita. Sikusema kitu. Sikunyoosha hata kidole. Wa pili alinifuata akapona, wa tatu akapona kwa bahati yake. Wa nne alikuwa dada mmoja mwalimu wa shule ya msingi, na mbele yake yeye palikuwa na migongo mitatu tu. Nilisikia rimu ikigonga ukingo wa lami, kisha baiskeli ikiburuzika. Alivunjika mfupa wa mtulinga. Nilipomfikia alikuwa amekaa pembeni ya barabara, ameushika mkono wake kama mtu aliyepakata mtoto, na aliniambia maneno mawili: "Ungesema tu."

Hayo maneno sijayasahau. Ukiwa kwenye mstari, anayekufuata haioni barabara. Anaona mgongo wako na gurudumu lako, basi. Macho anayotumia ni yako. Ukijua hilo, adabu nyingine zote za msafara unaweza kuzibuni mwenyewe bila kufundishwa na mtu, lakini acha nikutajie zile zitakazokufaa kuanzia siku ya kwanza.

Jifunze kupaza sauti. Shimo likiwa kushoto, mkono wa kushoto unashuka, kidole kinaelekeza chini, na mdomo unasema "Shimo kushoto!" kabla hujalifikia, si ukiwa juu yake. Aliye nyuma analirudia neno, na wa nyuma yake naye, mpaka lifike mkiani. Ukipunguza mwendo unasema "Napunguza!" Ukitaka kusimama unasema "Nasimama!", unatoka kabisa kwenye lami, ndipo unashuka. Mikono ikiwa na kazi ya breki usiiondoe ili kuonyesha alama, sauti inatosha. Najua wasichana wengi tumelelewa tusipige kelele barabarani. Hapa utapiga, na utapiga kwa nguvu.

Gurudumu lako la mbele lisiingie ubavuni mwa gurudumu la nyuma la mwenzako. Yakigusana, wa mbele atayumba tu, anayeanguka ni wewe, na walio nyuma yako wanakuangukia juu. Mpaka mzoeane, acha nafasi ya urefu wa baiskeli nzima. Utawaona wakongwe wamekaribiana kiganja kimoja. Waache, wameendesha pamoja miaka.

Sasa barabara yenyewe. Kutoka Dar ukipitia Dodoma, Singida, Shinyanga na Mwanza, ni zaidi ya kilomita 1,300, na hakuna hata moja itakayofungwa kwa ajili yetu. Kutoka Kimara mpaka Kibaha una njia nane, kilomita 19 hivi, utajiona malkia. Ukishaiacha Kibaha unaingia kwenye njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, na humo yamo malori yanayopeleka mizigo Kongo, Rwanda na Burundi, yamo mabasi ya mikoani, yamo magari ya Tanga na Arusha ambayo hayaachani nasi mpaka Chalinze. Dereva wa basi akikuta baiskeli arobaini zimejipanga kama mabehewa ya treni, hana pa kuingilia. Atavumilia kidogo, kisha atajitosa, na mbele kuna lori linakuja. Kwa hiyo tunajigawa katika makundi ya watu wanane, na kati ya kundi na kundi tunaacha nafasi ambayo lori na tela lake linaweza kuingia na kupumua. Ukiona kundi lako linakaribia kuungana na la mbele, usifurahi kwamba mmewakamata. Mwambie aliye mbele apunguze. Na kuendesha wawili wawili mkipiga soga, hilo tuliache mpaka tufike kwenye barabara za vijijini zisizo na magari.

Basi likikupita kwa kasi, upepo wake kwanza unakusukuma nje, halafu unakuvuta ndani. Legeza viwiko, usiukabe usukani, endelea mbele. Ikitokea umetupwa nje ya lami, kosa kubwa ni kutaka kurudi palepale. Ukingo wa lami mahali pengine uko juu kuliko changarawe kwa nusu kiganja au zaidi, na gurudumu likiukwaruza kwa ubavu linateleza na kukumwaga barabarani, mbele ya anayekuja. Baki kwenye changarawe, punguza, simama, inyanyue baiskeli urudi nayo juu ukiwa umetazama nyuma.

Huko pembeni, hasa ukishaingia ukanda mkavu wa Dodoma na Manyoni, ndiko kwenye mbigiri. Kadude kadogo kuliko punje ya njegere, lakini kila kanavyoanguka kuna mwiba mmoja unaotazama juu. Ukipata pancha, kabla hujaweka tyubu mpya papasa tairi kwa ndani kwa kipande cha kitambaa, polepole, mzunguko mzima. Kitambaa kitanasa palipo na mwiba. Nimeshaona mtu akimaliza tyubu mbili kwa mwiba mmoja kwa sababu ya haraka. Beba tyubu zako mbili, viraka na pampu, usitegemee gari la msaada, kwa kuwa linaweza kuwa kilomita kumi nyuma likimhudumia mwingine.

Kwenye rasta, ile mistari ya matuta madogo kabla ya kijiji, nyanyuka kidogo kwenye kiti na hakikisha chupa yako imekaza. Chupa inayoruka pale inaviringika moja kwa moja chini ya gurudumu la mwenzako. Mvua za vuli nazo zinaweza kuanza Oktoba, na mvua ya kwanza ndiyo mbaya, maana oili na vumbi la miezi yote ya kiangazi vinageuka sabuni juu ya lami. Ikianza kunyesha, punguza na usiiname kwenye kona.

Kuna jambo la jua ambalo watu hawalifikirii. Kutoka Dar hadi Dodoma tunaelekea magharibi. Asubuhi jua liko mgongoni mwetu, kwa hiyo anayepofuka ni dereva anayekuja mbele yetu, na akitaka kulipita gari jingine anaweza asituone. Jioni inageuka: jua linampiga usoni dereva aliye nyuma yako, na wewe kwake ni kivuli tu. Ndiyo maana tunaondoka mapambazuko na tunataka kila mtu awe ameshatoka barabarani saa kumi jioni. Taa ya nyuma iwake mchana kutwa, si usiku tu.

Na ukiona matawi mabichi yamepangwa juu ya lami, hiyo ni barua. Madereva wa malori wanayaweka kuashiria kwamba mbele, pengine baada ya kona, kuna gari limeharibika katikati ya njia. Punguza, ita "Matawi!", na msiyasogeze hata kama yanawakera. Si ya kwetu.

Mteremko wa Sekenke, ukitoka Singida kwenda Igunga, ndio unaonifanya niombe dua. Malori yanashuka kwa gia ndogo, breki zake zinanuka moto, na kijana mwenye baiskeli nyepesi anaona ayapite. Mdogo wangu, usipite lori kwenye Sekenke. Lifuate kwa mbali. Breki zako usizishikilie mfululizo kutoka juu hadi chini. Kamata, achia, kamata, achia, zote mbili, rimu zipate kupoa. Hapo mstari unavunjika, kila mtu anashuka peke yake na nafasi kubwa mbele yake, tunakusanyika chini.

Nimesema sana habari za magari, lakini adabu ninayoijali kuliko zote ni kwa watu wa njiani. Utamkuta mzee na baiskeli yake ya Phoenix, magunia matatu ya mkaa kwenye karia, yamefungwa kwa mipira ya tyubu za zamani, na fimbo ya kuiegemeza imechomekwa pembeni. Mtazame vizuri kwenye mteremko: breki zilishakufa, anakanyaga tairi la nyuma kwa kisigino cha kandambili. Mzigo ule ukiyumba hawezi kuurudisha. Usimpite kwa kumgusa kiwiko na kupiga kengele mwishoni kabisa. Mpe ishara ukiwa mbali, mwamkie, "Shikamoo mzee, tunapita kulia kwako, tuko wanane!", kisha piteni kwa nafasi pana, wa mwisho amwambie wamekwisha. Yeye anaendesha safari ndefu kila wiki bila fulana ya rangi wala gari la msaada. Shinyanga utawakuta vijana wanaobeba abiria kwa baiskeli, nao ni wenzetu wa kazi moja.

Kwenye begi lako weka khanga. Suruali za baiskeli zinabana, na unapoingia dukani kijijini kununua maji, jifunge. Hujakatazwa na mtu, ila wale ni mama zako. Ukibanwa na haja, usiingie shamba la watu. Bisha hodi kwenye nyumba ya karibu, uombe choo, toa asante na ukipenda nunua chochote wanachouza. Sijawahi kunyimwa. Na karatasi ya biskuti, ganda la ndizi, chupa tupu, vyote vinarudi mfukoni mpaka penye pipa. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha. Mtu wa miguu hana namna ya kupita mlangoni kwa watu bila salamu. Sisi wa baiskeli tunaweza kujisahau, na tunajisahau.

Narudi kwenye hofu yako ya kuwachelewesha wenzako. Ufaransa kuna safari inaitwa Paris–Brest–Paris, kilomita 1,200, hufanyika kila miaka minne. Ilianza mwaka 1891 kama mashindano, lakini leo wanaoiendesha ni watu wa kawaida, wana hadi saa 90, na anayefika wa kwanza hapewi taji. Na sisi kwenda Butiama hatushindani. Tunakwenda kwenye kaburi la Mwalimu Nyerere, mtu tunayemheshimu. Kundi linalomwacha nyuma mtu wake mmoja ili lifike mapema limekosea safari.

Kwa hiyo wiki mbili za kwanza za mazoezi kaa nafasi ya mwisho, na usione kwamba umetupwa. Wa mwisho ndiye anayesikia basi kabla ya wote na kuita "Gari nyuma!", ndiye anayeona nani ameanza kuyumba kwa njaa, nani tairi lake linapungua upepo. Watu saba watakutegemea wewe uwe masikio yao. Yule mwalimu wa mtulinga alirudi mwaka uliofuata na akaiomba nafasi hiyo mwenyewe. Sauti yake inavuka mto.

Ukishaizoea nafasi hiyo ya mwisho, nifuate uniambie uko tayari kuja mbele. Siku hiyo mimi nitakaa nyuma yako.