Nyama Yenye Wekundu: Je, ni Damu?

Suali lililotufikia katika darsa hapa Shella, Malindi, ni hili: Vijana wetu wafanyao kazi katika majiko ya mahoteli ya pwani hii hupika steki kwa namna aitakayo mgeni. Yuko aitakaye imekauka kabisa, yuko aitakaye ya wastani, na yuko aitakaye ichomwe nje tu, ndani ibaki nyekundu, hata ikikatwa itoe maji mekundu katika sahani. Baadhi ya vijana wamezoea kuila hivyo nao wenyewe. Wazee wao wamewaambia kuwa hiyo ni damu, na damu ni haramu kwa nassi ya Qurani. Na wako waliofika hadi ya kukataa kula sinia moja na watoto wao, na kusema kuwa mshahara wa kazi hiyo ni mshahara wa haramu. Vijana nao wakajibu kwa maneno ya kuudhi, ati wazee hawajui kula nyama. Tumeombwa tubainishe haki iko wapi.

Twajibu, na taufiki ni ya Mwenyezi Mungu:

Katika ugomvi huu yamechanganywa mambo matatu ambayo kila moja lina mizani yake. La kwanza ni hukumu ya sharia, na mahali pake pa kuulizwa ni kwenye kisu. La pili ni siha ya mwili, na mahali pake ni kwenye moto. La tatu ni ladha, na mahali pake ni ulimini. Mwenye kuyapima yote matatu kwa rangi ya nyama hana budi kukosea, kwani rangi ni shahidi asiyetegemewa, kama tutakavyoonyesha.

Hukumu ya damu

Hapana khitilafu baina ya Waislamu kuwa damu ni haramu. Imetajwa hivyo katika Sura ya Al-Baqara aya ya 173, na Al-Maida aya ya 3, na An-Nahl aya ya 115. Lakini katika Sura ya Al-An'am, aya ya 145, Mwenyezi Mungu ameifunga hukumu hiyo kwa sifa: damu iliyoharamishwa ni ile iliyomwagika. Hiyo ndiyo damu itokayo mishipani mnyama anapochinjwa, au anapotobolewa naye yu hai. Waarabu wa zama za ujahili walikuwa wakimtoa ngamia damu, wakaipika na kuila. Na huku kwetu bara, Wamasai wana desturi ya tangu kale ya kumpiga ng'ombe mshale katika mshipa wa shingo, wakaikinga damu na kuinywa. Damu ya namna hii ndiyo iliyokusudiwa.

Ama ile ibakiayo katika nyama na mifupa baada ya kuchinja kwa sharia, wanavyuoni waliizungumza zamani sana, kabla haijajengwa hoteli hata moja. Imepokewa kwa Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, kuwa hakuona ubaya katika wekundu uonekanao juu ya chungu kwa ajili ya nyama, na hoja yake ilikuwa ni hiyo hiyo aya ya Al-An'am. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), naye ni katika nguzo za madhehebu yetu ya Shafii, ameitaja mas'ala hii katika kitabu chake Al-Majmuu, akaeleza kuwa damu hiyo imesamehewa kwa sababu ya uzito wa kujiepusha nayo. Na akawataja waliosema hivyo, miongoni mwao Sufyani Thauri, Abu Yusufu, Ahmad bin Hambal na Is-haka. Wanavyuoni wa Kishafii walikhitilafiana kama asili yake ni tohara au ni najisi iliyosamehewa, lakini kwa mlaji natija ni moja: haikuharamishwa.

Tena na tukumbuke kuwa Mtume (s.a.w.) ametuhalalishia damu mbili, nazo ni ini na wengu. Mzee aikataaye steki kwa wekundu wake, kisha akaagiza ini siku ya Idi, na ajiulize ameshika mizani gani.

Maji mekundu ni nini?

Hayo ni maneno ya sharia. Elimu ya siku hizi nayo imezidi kulibainisha jambo hili. Maji mekundu yatokayo katika nyama, sehemu yake kubwa si damu, bali ni maji ya nyama yenyewe yaliyochanganyika na kitu kiitwacho mayoglobini. Kazi ya kitu hiki ni kuweka akiba ya hewa ndani ya misuli, na rangi yake ni nyekundu. Kikipata moto wa kutosha hugeuka kahawia, na hiyo ndiyo sababu ya nyama kubadilika rangi jikoni.

Asiyesadiki na atazame vitu viwili avijuavyo. Kuku na ng'ombe huchinjwa kwa kisu kimoja, wakatoka damu kwa namna moja. Lakini kidari cha kuku ni cheupe, paja lake limeiva rangi kidogo, na nyama ya ng'ombe ni nyekundu. Kama wekundu ungekuwa ni damu iliyobaki, kidari na paja la kuku mmoja vingekuwa sawa. Sababu ni kuwa msuli ufanyao kazi ya kudumu huwa na mayoglobini nyingi. Cha pili ni jodari. Wavuvi wetu humpasua jodari, nyama yake ikawa nyekundu kama ya ng'ombe, wala hatujapata kumsikia mtu wa Shella akisema kuwa jodari ni damu.

Wafaransa huiita nyama hii iliyochomwa kidogo kwa neno lenye maana ya kutokwa na damu, na huenda jina hilo likazidi kuwatia watu wasiwasi. Lakini jina halibadili hakika ya kitu.

Suali lililosahauliwa

La kusikitisha ni kuwa wakati watu wanapogombana juu ya rangi, suali lipasalo kuulizwa halina mwenye kuliuliza. Nani aliyemchinja mnyama huyu, na alimchinja vipi? Nyama ya mzoga, hata ikipikwa mpaka ikawa makaa, haiwi halali. Na nyama iliyochinjwa kwa sharia, hata ikiliwa nyekundu, haiwi haramu. Kadhalika huulizwa chombo: je, kikaango hiki ndicho kilichokaangiwa nguruwe, kikapanguswa tu? Je, mchuzi uliomwagwa juu ya steki umetiwa mvinyo? Nyama iliyokauka kabisa yaweza kuwa imekaangwa katika mafuta ya nguruwe, na mlaji akaridhika kwa kuwa hakuona wekundu.

Kwa hiyo twasema juu ya mshahara: ujira wa kupika nyama ya halali, yawe maivio yake vyovyote, ni halali. Ama kupika nguruwe na kumwagia watu ulevi, hilo ni jambo jingine lenye hukumu yake, na hukumu hiyo haikufuata wekundu wala weusi wa nyama.

Siha ya mwili

Hata hivyo, si kila lisilokuwa haramu kwa asili yake hufaa kuliwa bila ya kuangalia. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa hapana kudhuru wala kudhuriana, na sharia ikikuta madhara yaliyothibitika huyazuia. Hapa wazee wana hoja nzito, na vijana wasiipuuze.

Katika nyama ya ng'ombe yaweza kuwamo vifuko vya tegu. Mtu akivila vikiwa hai, tegu humea tumboni mwake na kufika urefu wa mita kadhaa. Mkaguzi wa nyama hukata misuli ya taya na moyo kuvitafuta kabla ya kupiga muhuri, lakini vikiwa vichache huweza kumpita. Moto ndio mlinzi wa mwisho.

Kisha kuna vijidudu visivyoonekana kwa jicho. Katika pande zima la nyama, kwa kawaida hivi hukaa juu, mahali palipoguswa na kisu na mikono. Moto mkali wa nje huviua, na ndani huwa salama zaidi. Lakini nyama ikisagwa, cha juu huingia ndani. Mwaka 1993, katika majimbo ya magharibi ya Marekani, watu zaidi ya 700 waliugua kwa kula nyama ya kusaga isiyoiva, na watoto 4 wakafa. Kwa ajili ya haya, serikali ya nchi hiyo imewaelekeza watu kuwa pande zima la nyama ya ng'ombe lifike joto la digrii 63 za Selsiasi katikati, kisha liachwe litulie dakika 3. Nyama ya kusaga ifike 71. Na kuku afike 74. Steki iliyo nyekundu sana haikufika kipimo hicho, na mwenye kuila na ajue hatari aliyoichagua.

Mafunzo ya hayo kwa majiko yetu ni wazi. Kababu ni nyama ya kusaga, na haifai kuachwa nyekundu hata kidogo. Mishkaki nayo, ijapokuwa ni vipande, imetobolewa kwa kijiti, na kijiti huingiza ndani kilichokuwa nje. Kwa hiyo nayo na iive. Wala tusidanganywe na rangi kwa upande wa pili: nyama ya kusaga huweza kugeuka kahawia kabla ya kufika joto la salama, na kuku aliyeiva huweza kubaki na wekundu karibu na mfupa. Kipimajoto cha jikoni ni mkweli kuliko jicho.

Wala tusisahau homa ya Bonde la Ufa, iliyozuka Garissa mwezi wa Disemba 2006, ikaenea hata kufika Pwani, na katika Kenya wakafa watu zaidi ya 100. Ugonjwa huo hupatikana kwa kuumwa na mbu, na kwa kushika damu na nyama ya mnyama mgonjwa, au kunywa maziwa mabichi. Zama kama hizo kushikilia moto ni katika kuilinda nafsi. Na mama mja mzito, na mtoto mdogo, na mzee dhaifu, na mgonjwa, wote hao wasipewe nyama isiyoiva zama zozote.

Ladha

Limebaki la ladha, nalo ndilo lililoleta maneno makali ingawa ndilo jepesi. Ukweli ni kuwa baba na mwana kila mmoja amesema kweli juu ya pande lake. Nyama tuliyoizoea mitaani ni ya ng'ombe waliotembea sana malishoni, na mapande yake ya mguu na bega yana mishipa migumu isiyolainika ila kwa maji na moto wa muda mrefu. Ndiyo maana nyama ya pilau huchemshwa kwanza mpaka ikalainika. Sarara, ambayo ndiyo ipikwayo mahotelini, haina mishipa hiyo. Ikikaa motoni sana hukauka na kuwa kama kamba. Basi mzee aliyepika sana alipika sawa, na kijana aliyepika kidogo alipika sawa, kwani nyama zenyewe ni mbili.

Mfano mwema tunao. Katika nyumba ya Bibi Maimuna, Mtume (s.a.w.) aliletewa kenge wa jangwani aliyechomwa. Akauondoa mkono wake. Khalid bin Walid akamuuliza kama ni haramu. Akamjibu kuwa si haramu, ila hakuwako katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haikumpenda. Khalid akamvuta akamla, na Mtume (s.a.w.) akitazama. Hakumkemea Khalid, wala Khalid hakumcheka yeye. Na imepokewa kwa Abu Huraira kuwa Mtume (s.a.w.) hakupata kukitia ila chakula kamwe: akikipenda hula, na asipokipenda hukiacha.

Basi enyi wazee wetu, semeni: nafsi yangu haipendi nyama hii. Maneno hayo ni halali yenu na hapana awezaye kuwalaumu. Lakini neno haramu ni zito. Mwenyezi Mungu ameonya katika An-Nahl, aya ya 116, dhidi ya ndimi zisemazo hili halali na hili haramu kwa kumzulia uongo. Msiliache sinia la watoto wenu kwa rangi. Nanyi vijana wetu, mkiwapikia wazazi, irudisheni nyama motoni mpaka waridhike, bila ya kuguna. Kumridhisha mzazi kwa dakika 10 za makaa ni biashara yenye faida kubwa. Na mtakapokuwa kazini, mulizaneni juu ya kisu na kikaango kabla ya kuulizana juu ya wekundu.

Mwenyezi Mungu atulishe vilivyo halali na vizuri, na aziunganishe nyoyo zetu juu ya sinia moja. Amin.