SOMO LA UFUNDI: NCHA YA BAWA ILIYOCHAKAA

Jinsi ya kuitambua na kuibadilisha katika ndege ndogo ya zamani, na funzo lake kwa watunzaji wa mali ya pamoja



Vyama vyetu vingi vina mali ya pamoja: trekta, lori, mashine ya kukoboa, mizani ya ghala. Mali ya namna hiyo hutumiwa na wengi, na aghalabu kila mtumiaji hudhani kwamba mwenzake amekwisha kuikagua. Katika somo hili tutaichunguza mashine isiyosamehe dhana hiyo, nayo ni ndege ndogo ya zamani. Huko Marekani ziko klabu ambazo wanachama wake humiliki ndege moja kwa ubia, wakagawana gharama za banda, mafuta na matengenezo. Taabu zao si ngeni kwetu.

Tutachukua mfano wa ndege iitwayo Piper J-3 Cub. Ilitengenezwa katika mji wa Lock Haven, jimbo la Pennsylvania, kuanzia mwaka 1938 hadi 1947. Zilitengenezwa karibu 20,000, na nyingine zingali zikiruka hadi leo. Ina viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, na injini ya nguvu za farasi 65. Mabawa yake, kutoka ncha hata ncha, yana urefu wa karibu meta 10.7.

1. BAWA LILIVYOJENGWA

Bawa la Cub ni kiunzi kilichovikwa kitambaa. Boriti mbili ndefu hutoka kwenye mwili wa ndege hadi karibu na ncha. Hapo mwanzo boriti hizo zilikuwa za mbao za sprusi. Katika ndege za miaka ya mwisho zikawa za alumini. Juu ya boriti zimepangwa mbavu zinazolipa bawa umbo lake. Mwishoni kabisa upo upinde wa mbao za eshi, mti wa nchi za baridi wenye nyuzi ndefu unaokubali kupindwa. Upinde huo hufunga ncha ya bawa, na kitambaa huvutwa kikaushikilia. Yafaa mwanafunzi akumbuke hivi: upinde umefungwa kwenye boriti. Lolote liupatalo upinde laweza kufika kwenye boriti, na boriti ndiyo inayobeba ndege.

2. SABABU ZA KUCHAKAA

Ya kwanza ni jua. Jua hudhoofisha kitambaa, hasa upande wa juu wa bawa na penye rangi nzito. Kwa kitambaa cha pamba kanuni ya Marekani ni kwamba nguvu yake ikishuka chini ya asilimia 70 ya ile iliyotakiwa kikiwa kipya, hakifai tena kurukia.

Ya pili ni maji. Cub ikisimama chini, mkia wake huwa umeinama na pua imeinuka. Kwa hiyo maji yaliyoingia ndani ya bawa hutiririka kuelekea ukingo wa nyuma. Chini ya ukingo huo yamewekwa matundu madogo ya kuyatoa. Matundu yakizibwa na rangi au matope, maji hukaa, na mbao huanza kuoza polepole mahali pasipoonekana.

Ya tatu ni kugongwa. Ndege husukumwa kwa mikono kuingizwa bandani, na ncha hugusa mlango au ukuta. Tena Cub yaweza kugeuka ghafla wakati wa kutua, ncha ikakwaruza ardhi. Kitambaa hurudi mahali pake, nao upinde uliopasuka hufichika chini yake.

3. NAMNA YA KUKAGUA

Ukaguzi uanze mezani. Fundi na asome daftari la ndege: imewahi kugonga? Ni lini kitambaa kilibadilishwa? Kisha afuate hatua hizi:

(a) Asimame nyuma ya ndege, mbali kidogo, azilinganishe ncha mbili. Ndege ikiwa mahali tambarare na upepo wa magurudumu ukiwa sawa, apime kimo cha kila ncha kutoka ardhini. Tofauti ikionekana, sababu yake itafutwe.

(b) Aupapase upinde wote kupitia kitambaa, akiubonyeza taratibu na kuugonga kwa kidole. Mbao nzima hutoa sauti kavu. Mbao iliyooza hutoa sauti bubu.

(c) Afungue kifuniko cha ukaguzi, aingize tochi na kioo kidogo. Harufu ya ukungu, madoa meusi kando ya bolti na gundi iliyoachana ni dalili mbaya.

(d) Akiona dalili mojawapo, akikate kitambaa cha ncha na kutazama kwa macho. Hapo asiishie kwenye upinde. Afuate mpaka kwenye boriti, atazame kama matundu ya bolti yamepanuka. Kwenye boriti ya mbao atafute mistari myembamba inayozikata nyuzi kwa upana. Mistari hiyo ni alama ya mbao iliyopondwa kwa kishindo, na ikionekana, kazi si ya ncha tena bali ni ya bawa zima.

4. KUBADILISHA

Upinde wa zamani usitupwe mapema. Hutumika kama kielelezo, maadamu haujapotoka. Ukiwa umepotoka, ulinganishwe na mchoro wa mtengenezaji na ncha ya upande wa pili. Upinde mpya waweza kununuliwa ukiwa na hati zinazokubalika, au ukaundwa kwa vipande vyembamba vya eshi vilivyopakwa gundi na kubanwa juu ya kalibu. Mbao iwe kavu, nyuzi zake zinyooke, na gundi iwe ya aina iliyoidhinishwa. Gundi ya maziwa iliyotumika katika ndege za zamani haikubaliki siku hizi, kwa kuwa hushindwa na unyevu na ukungu.

Upinde ujaribiwe mahali pake kabla ya kufungwa. Kisha upakwe vanishi kila upande, hata ndani ya matundu ya bolti, maana hapo ndipo maji hupenya. Upimwe pia katika mizani: uzito mdogo ukiwekwa mbali na mwili wa ndege una nguvu kubwa ya kulivuta bawa.

Kitambaa cha siku hizi ni cha poliesta, nacho hukazwa kwa pasi yenye joto lisilozidi nyuzi 177 za Sentigredi. Kikikazwa kupita kiasi kitaukunja upinde mpya. Mwisho, matundu ya maji yafunguliwe, fundi mwenye leseni atie sahihi katika daftari, na matengenezo makubwa yajazwe katika fomu nambari 337 ya Idara ya Usafiri wa Anga ya Marekani. Safari ya kwanza huruka rubani peke yake, naye katika Cub hii hukaa kiti cha nyuma.

5. FUNZO KWA CHAMA

Tuseme klabu ina wanachama kumi. Mmoja amegusa mlango wa banda kwa ncha ya bawa. Ameona kitambaa ni kizima, akaona haya, akanyamaza. Mwezi wa pili fundi anaona doa na kuomba ruhusa ya kukata kitambaa. Mweka hazina anasema fedha ni chache, na kiraka kitatosha. Hakuna kati yao aliye mwovu. Hata hivyo mtu wa kumi na moja, abiria asiyejua lolote, ndiye atakayepanda.

Wahenga walisema: Mficha maradhi, kifo humuumbua. Chombo cha pamoja hutunzwa kwanza kwa ulimi wa aliyekitumia, ndipo kwa bisibisi ya fundi. Kamati inayomfokea mwanachama aliyekiri kosa dogo inawafundisha wengine wote kunyamaza. Kamati yenye busara humshukuru, huandika daftarini, kisha humwita fundi. Gharama ya kufungua na kukuta mbao nzima si hasara. Ni bei ya kujua.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini fundi haishii kwenye upinde anapokuta dalili za kuoza?
2. Ni mali gani ya chama chenu iliyo na daftari la matengenezo, na ni ipi isiyo nalo?
3. Mwanachama aliyeharibu kidogo mali ya chama hupokewaje anapotoa taarifa?
4. Ni nani katika chama chenu mwenye mamlaka ya kusema, "Mashine hii isitumike leo"? Je, neno lake husikilizwa hata wakati wa msimu?